Ulanzi wa chupa "umepikwa"? Uchambuzi wa kisa kutoka Kilolo

Kikundi cha wagemaji wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kilianza kuupasha moto ulanzi, yaani pombe ya utomvu wa mianzi, na kuutia kwenye chupa, ili ufike mjini bila kuchacha njiani na wanakikundi wabaki na kitu cha kuuza mianzi ikiacha kutoa. Chupa za kwanza zilipelekwa kilabuni. Wanywaji wakaonja, wakatikisa kichwa: "Huu umepikwa." Baada ya wiki 2 nusu ya kikundi ilitaka sufuria kubwa na kipimajoto viuzwe, watu warudi kwenye madumu. Nusu nyingine ilisema wateja ni mazoea tu, watazoea. Kila upande ulikuwa na uhakika wake, na hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia: kikundi hakina jina, na majibu ya waonjaji ni ya mfano. Taratibu, viwango na hesabu ni zilezile zinazotumika katika vyumba vya kuonjea bia, mvinyo na pombe nyingine.

Swali lililokuwa mezani lilikuwa "upi mzuri zaidi?" Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kabla ya kuuliza watu wanapenda nini, inabidi kwanza ujue kama ulimi na pua vinaweza kutofautisha vinywaji hivyo viwili bila msaada wa macho, masikio na maneno ya jirani. Ukishajua kwamba tofauti ipo, unatafuta tofauti hiyo ni kitu gani hasa. Upendeleo unakuja mwisho. Kikundi kilianza na la mwisho, ndiyo maana kilikaribia kuuza sufuria isiyo na kosa.

Kinywaji kisichotulia

Ulanzi hugemwa msimu wa mvua. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, huirudia kwa kisu asubuhi na jioni, na utomvu hudondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi kinachofungwa hapo kama kikombe. Utomvu ukitoka ni mtamu. Hamira na bakteria waliobaki ndani ya mbeta huanza kazi palepale, kwa hiyo ulanzi togwa, yaani huo mtamu wa asubuhi, huwa mkangafu baada ya siku chache, sukari ikiwa imepungua na kileo na uchachu vikiwa vimepanda. Kileo chake mara nyingi huzunguka asilimia 5.

Kwa anayetaka kulinganisha, maana yake ni kwamba sampuli iliyomiminwa saa 4 asubuhi si ileile saa 6 mchana, hasa ikiachwa kwenye joto. Tena mbeta mbili za shamba moja hazifanani: moja iliingia maji ya mvua, nyingine haikuoshwa vizuri, nyingine ilikaa usiku kucha. Ukilinganisha ulanzi mbichi wa leo na wa chupa uliogemwa wiki 3 zilizopita, umelinganisha magemo mawili, yaani mavuno ya siku mbili tofauti. Joto la sufuria ni jambo moja tu kati ya mengi yanayoyatenganisha.

Hivyo ndivyo lilivyofanyika onjo la kwanza pale kilabuni. Majagi mawili yaliwekwa mezani, moja limeandikwa "Mpya", jingine "Wa kawaida". Wa kawaida ulikuwa umetoka shambani asubuhi ile, baridi ya Kilolo ikiwa bado imo. Chupa zilikuwa zimekaa kwenye rafu karibu na dirisha, zina uvuguvugu. Wa kawaida ulikuwa mweupe kama maji ya mchele, ilhali wa chupa ulikuwa umetulia, mashapo chini na maji yaliyopauka juu. Wote walianza na wa kawaida. Wengi walikuwa wameshakula nyama yenye pilipili na kunywa lita moja moja. Kisha mzee anayeheshimika akasema kwa sauti, "Wanangu, huu umepikwa," na baada yake watu 11 mfululizo wakasema hivyohivyo.

Mzee hana kosa, alisema alichoonja. Ila waliomfuata hawakuwa waonjaji tena. Nani atampinga mzee mbele za watu? Na hata bila yeye, jina "Mpya" lilishawaambia watu watafute kasoro. Uvuguvugu ulifukuza gesi na kunyanyua harufu ya kileo na ya asidi. Kinywaji cha kwanza kilipata ulimi ulio safi, cha pili kikapata ulimi uliochoka. Pilipili iliunguza mdomo kiasi kwamba msisimko mdogo wa gesi usingesikika. Onjo hilo lilikuwa na sababu zisizopungua 6 za kutoa jibu lilelile, na huwezi kusema ni ipi iliyolitoa.

"Kali", "tamu", "chachu"

Kuna tatizo jingine ambalo taratibu zilizotungwa ughaibuni hazitakuonya, kwa sababu ni la lugha yetu. Muulize mnywaji, "Ulanzi huu ni mtamu?" Anaweza kujibu ndiyo kwa maana ya sukari, au ndiyo kwa maana kwamba ameupenda. Mkangafu usio na sukari hata chembe unaweza kuitwa mtamu sana na mtu anayeupenda. "Kali" ina mzigo mkubwa zaidi: kileo kingi, uchachu mwingi, au kile kinachouma koo. "Chachu" inaweza kuwa ladha ya ndimu, na inaweza kuwa hamira. "Chungu" na "ukakasi" huchanganywa kila siku, ingawa uchungu ni ladha kama ya kwinini na ukakasi ni ulimi kukauka na kukunjamana, kama ukitafuna ndizi mbichi.

Karatasi ya kwanza ya maswali ilikuwa na mstari "Je, ni kali? Ndiyo / Hapana". Majibu yake hayakufaa kitu. Mstari huo ulivunjwa kuwa mitatu: "kileo kinavyochoma kooni", "uchachu kama wa ndimu au maziwa mgando", na "msisimko wa gesi ulimini". "Tamu" ikawa "utamu wa sukari". Swali la kupenda liliondolewa kabisa kwenye karatasi hiyo. Kama ungebadilisha jambo moja tu katika maonjo yako, badilisha hili.

Kuandaa jaribio la pembetatu

Mbinu iliyochaguliwa ni jaribio la pembetatu, ambalo kiwango cha kimataifa cha ISO 4120 kinalieleza. Muonjaji anapewa vikombe 3: viwili vina kinywaji kimoja, kimoja kina kingine. Anaambiwa ataje kilicho tofauti. Lazima ataje, hata kama anabahatisha. Anayebahatisha hupata mara 1 katika 3, na hesabu yote imejengwa juu ya hapo.

Mpangilio una njia 6. Tukiuita mbichi M na uliopashwa P: MMP, MPM, PMM, PPM, PMP, MPP. Kila njia itumike mara sawa, kwa hiyo idadi ya waonjaji iwe inagawanyika kwa 6. Kikundi kilichukua watu 24, kila njia mara 4. Walikuja 30 na wakachujwa kwanza kwa maji yenye ladha dhaifu: kwa kila lita ya maji, gramu 16 za sukari, au gramu 5 za chumvi, au gramu 1 ya asidi ya sitriki (ile unga ya kutengenezea juisi), pamoja na kikombe cha maji matupu. Aliyeshindwa kutaja vyote vinne alishukuriwa. Aliye na mafua alirudishwa siku hiyo tu. Wajawazito, walio chini ya miaka 18, wanaotumia dawa na waliokuja kwa kuendesha pikipiki hawakuonja.

Ulanzi ulitoka gemo moja. Lita 10 zilichanganywa kwenye ndoo moja safi, zikagawanywa mara mbili papo hapo. Nusu ilipashwa kwa njia ya kikundi, sufuria wazi, 65°C kwa dakika 10, ikapozwa kwenye maji baridi. Nusu nyingine haikuguswa. Zote mbili zikaingia friji la 4°C ndani ya saa hiyohiyo ili hamira ilale, na zikaonjwa kesho yake. Vikombe 72 vya mililita 40 vinahitaji karibu lita 1.5 za kila aina. Weka lita 2, kwa maana kumwagika kupo.

Ulanzi uliopashwa huonekana tofauti, kwa hiyo macho yalihitaji kufungwa. Glasi hazifai hapo. Vilitumika vikombe vya kauri vya rangi ya kahawia iliyokolea, kila kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Kisahani kina kazi mbili: kinaficha rangi, na kinakusanya harufu juu ya kinywaji hadi muonjaji atakapokifunua puani. Vikombe vilioshwa kwa sabuni isiyo na manukato, vikasuuzwa mara 3 na kuachwa vikauke vyenyewe. Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya kunukia kikipita ndani ya kikombe, harufu ya maua hubaki pale na kuandikwa kwenye karatasi kama sifa ya ulanzi. Vikombe vya plastiki navyo vina harufu yao, tena vipya ndivyo vibaya zaidi.

Kumimina kulifanyika chumba kingine. Hilo si la urembo: ulanzi mbichi ukimiminwa unafoka na kutoa sauti, na aliyesikia sauti ameshajibu. Kila sampuli ilipewa namba za tarakimu 3 zilizookotwa bila mpango, kama 417, 682 na 935. Herufi A na B hazifai kwa sababu A hunukia ushindi. Namba kama 100 au 500 nazo hapana, zinafanana na bei. Hata vikombe viwili vyenye kinywaji kilekile hupewa namba tofauti, la sivyo jibu limeandikwa juu ya kikombe.

Chumba kilikuwa darasa, madirisha wazi, mbali na jiko la kuni. Maboksi makubwa yalikatwa na kusimamishwa juu ya madawati kama kuta, ili mtu asione uso wa jirani. Saa 4 asubuhi ni wakati mzuri, kifungua kinywa kimeshuka na njaa haijaanza. Hakuna sigara, kahawa wala pipi ya mnanaa kwa saa nzima kabla. Vinywaji vilihudumiwa vikiwa 12°C, na kipimajoto kiliingizwa kwenye kikombe kimoja cha kila trei; tofauti ya nyuzi 2 kati ya sampuli inatosha kuharibu kazi.

"Karibu, mama. Anza kushoto kwenda kulia. Nusa, onja, meza kidogo au tema kwenye ndoo. Pumzika kidogo, kunywa maji, kata kipande cha mkate, kisha nenda kingine." Maji yawe ya kawaida, si ya barafu. Mkate uwe mweupe, bila siagi. Ukinywa vikombe vyote 3 umeingiza mililita 120, karibu gramu 5 za kileo halisi. Si kingi, lakini duru mbili asubuhi moja zinatosha.

Matokeo matatu na maana zake

Duru ya kwanza: kati ya 24, waliotaja sahihi ni 14. Kwa kubahatisha tu ungetegemea 8. Kiwango kinachohitajika kwa watu 24 ni 13, kwa sababu bahati pekee huleta 13 au zaidi takribani mara 3 tu katika 100. Kwa hiyo tofauti ipo, na kilabu hakikuota. Ukitaka viwango vya makundi mengine: kwa watu 12 wanahitajika 8, kwa 18 wanahitajika 10, kwa 30 wanahitajika 15, kwa 36 wanahitajika 18.

Wenye sufuria walikata tamaa hapo. Mapema mno. Kwanza, 14 waliopatia si 14 walioonja tofauti. Ikiwa 9 waliitambua kweli, waliobaki ni 15, na theluthi yao, yaani 5, wangepatia kwa bahati: 9 na 5 ni 14. Pili, maelezo ya waliopatia yalisomwa peke yake (ya waliokosea hayasomwi, maana wanaeleza tofauti wasiyoiona). Wawili waliandika "umepikwa". Wanane waliandika mambo kama "hausisimui", "umelala", "umepoa ingawa una baridi".

Umelala. Hilo si neno la moto, ni neno la gesi. Sufuria wazi kwenye 65°C inaitoa karibu yote. Mtu anapokunywa ulanzi usio na gesi, msisimko wa ulimini haupo, utamu unaonekana mzito zaidi, na akili inatafuta jina la karibu. Jina la karibu ni "kupikwa", kwa sababu anajua ulipitishwa motoni.

Dhana hiyo ilihitaji kupimwa. Duru ya pili ilirudia kila kitu kwa gemo jipya, isipokuwa zote mbili, mbichi na uliopashwa, zilimiminwa mara 10 kutoka jagi hadi jagi kwa kimo cha shibiri moja, hadi povu likaisha. Waliopatia walikuwa 9. Bahati peke yake huleta 9 au zaidi karibu mara 4 katika 10. Gesi ilipoondolewa pande zote, tofauti ilipotea.

Lakini mtu makini atauliza: kumimina kule hakukufukuza na harufu pia? Kulifukuza. Huenda harufu ya kupikwa ilikuwepo na ikapotea pamoja na gesi. Ndiyo maana duru ya pili peke yake isingetosha, na duru ya tatu ikageuza mambo: badala ya kuondoa gesi pande zote, ibaki pande zote. Ulanzi wa gemo moja ulijazwa kwenye chupa za bia, ukafungwa vizibo saa ileile. Nusu ya chupa ziliwekwa friji. Nusu zilizamishwa kwenye sufuria ya maji hadi shingoni, joto likapandishwa polepole, na joto la katikati ya chupa likashikiliwa 62°C kwa dakika 20. Ili kulijua, chupa moja ya maji huachwa wazi katikati ya sufuria na kipimajoto ndani yake.

Hapa pana hatari ya kweli. Gesi ikipata joto ndani ya chupa iliyofungwa, shinikizo linapanda sana. Chupa isijazwe pomoni, ibaki nafasi ya vidole viwili juu. Chini ya sufuria litandikwe gunia ili chupa zisiguse chuma chenye moto. Sufuria ifunikwe, na hakuna kuinama juu yake. Chupa yenye ufa au alama ya kugongwa inatupwa. Ulanzi unaofoka kwa nguvu usubiriwe utulie kwenye friji kabla ya kujazwa.

Kwa bia, nguvu ya joto huhesabiwa kwa vipimo vya upashaji: dakika 1 kwenye 60°C ni kipimo 1, na kila nyuzi moja juu huzidisha mara 1.393. Bia nyingi hupewa vipimo 15 hadi 30. 62°C kwa dakika 20 ni karibu 39. Sufuria wazi ya mwanzo, 65°C kwa dakika 10, ilikuwa karibu 52. Ulanzi una mzigo mkubwa wa vijidudu kuliko bia iliyochujwa, kwa hiyo kuzidisha kidogo si vibaya.

Duru ya tatu: 10 kati ya 24. Bado chini ya 13.

Isiandikwe kwamba "imethibitika zinafanana". Haijathibitika. Kwa watu 24, hata kama theluthi yao wanaitambua tofauti kweli, wangepatia kama 13 kwa wastani, na siku mbaya jaribio lingeikosa. Anayetaka kudai kufanana kwenye lebo au mbele ya mnunuzi mkubwa apange kundi kubwa, zaidi ya watu 60. Kwa uamuzi wa kubadilisha sufuria, ushahidi ulitosha: gesi ikilindwa, moto peke yake hauonekani kirahisi.

Upendeleo ulikuja baadaye, kwa watu wengine kabisa, wanywaji 40 wa kawaida wasiojua kisa chochote. Vikombe viwili, nusu yao wakianza na mbichi, nusu wakianza na wa chupa iliyopashwa imefungwa. Waliochagua mbichi 22, wa chupa 18. Kwa watu 40, upande mmoja unahitaji 27 ndipo useme unapendwa zaidi. Waonjaji wa pembetatu hawaulizwi swali hili, kwa sababu wameshafundishwa kuwinda kasoro.

Baada ya wiki 4

Lililobaki lilikuwa kuhifadhi, na hapo pembetatu haisaidii: huwezi kuweka ulanzi mbichi wiki 4 ukautumia kama kipimo. Watu 8 waliofanya vizuri walifundishwa kutaja na kupima kwa mstari wa 0 hadi 10, kila mmoja peke yake, halafu majina yakawekwa sawa kwa kunusa vielelezo. Vielelezo vilikuwa vya jikoni. Siki kijiko cha chai kwenye glasi ya ulanzi, kwa harufu inayochoma pua. Maji ya juu ya maziwa mgando, kwa uchachu laini usiochoma. Kiondoa rangi ya kucha, tone moja kwenye pamba ndani ya chupa iliyofunikwa, kwa kunusa tu. Tufaa bichi lililokatwa. Siagi iliyoyeyuka. Hamira kwenye maji ya uvuguvugu. Njegere zilizochemshwa, kwa ile harufu ya kijani iliyopikwa ambayo kila mtu alikuwa akiitafuta. Mahali hapa huhitaji kununua seti ya vionjo kutoka nje. Kinachohitajika ni watu 8 kukubaliana kitu gani kinaitwa nini.

(Pombe iliyokenekwa isiyojulikana ilikotoka haiingii kwenye maonjo ya aina yoyote. Methanoli haitambuliki kwa ulimi wala pua ikiwa ndani ya pombe.)

Wiki ya 2 chupa zote zilikuwa sawa. Wiki ya 4, chupa za fungu moja zilipofunguliwa zilifoka hadi mezani, na waonjaji 7 kati ya 8 walipandisha alama ya maziwa mgando. Alama ya siki ilibaki chini.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoonyesha pa kutafuta. Bakteria wa siki wanahitaji hewa: siki ikisikika, ulanzi ulichelewa kwenye ndoo wazi kabla ya kujazwa, au kizibo kinavuja. Uchachu wa maziwa pamoja na gesi nyingi unasema vijidudu na hamira walibaki hai ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Yaani moto haukufika.

Rekodi za fungu hilo zilisema 62°C, dakika 20. Kipimajoto kikatiwa kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Kikasoma 100°C, na wote wakaridhika kuwa ni kizima. Lakini kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi maji hayachemki kwa 100°C. Huchemka karibu na 95°C. Kipimajoto kilikuwa kinazidisha nyuzi 5. Kila kiliposoma 62, chupa zilikuwa 57, na dakika 20 kwenye 57°C ni vipimo 7 hivi badala ya 39. Mafungu ya kwanza yalipashwa kwa kipimajoto kingine, kilichovunjika siku chache kabla ya fungu hili kupashwa.

Chupa zilizobaki za fungu lile zilipozwa kwenye friji usiku kucha, zikafunguliwa moja moja ndani ya ndoo, zikiwa zimefunikwa kwa taulo nzito, na kumwagwa. Kipimajoto kilichozidisha kilibandikwa utepe mwekundu wenye maandishi "toa 5". Karatasi ya rekodi iliongezewa mstari mmoja juu kabisa, wa kujazwa kila asubuhi kabla chupa hazijazamishwa: "Maji yanayochemka leo yamesoma ngapi?"